Mikimbio Mitatu ya Hamsini

Kwenye klabu yetu ya kriketi ya Jumapili hapa Mbeya yupo jamaa tunayemwita Hamsini. Jina alilopewa na wazazi wake lipo kwenye orodha ya michango, lakini ukimwita hilo uwanjani hageuki. Alilipata jina la Hamsini miaka sita iliyopita, siku alipopiga mikimbio hamsini (ndizo pointi za mchezo huu) dhidi ya wageni waliokuja kutoka Iringa kwa basi la alfajiri, na tangu hapo habari hiyo inasimuliwa kila tunapokaa kunywa chai baada ya mechi. Kadiri miaka inavyokwenda, wale wageni wanazidi kuwa wakali. Mpira uliovuka barabara siku ile, sasa hivi umefika kwenye paa la nyumba ya pili. Na mvua, ambayo mimi nakumbuka ilikata kabla hatujaanza, siku hizi inanyesha huku jamaa anapiga.

Mwezi uliopita kamati ikaamua klabu iwe na ubao wa heshima. Fundi seremala ameshapewa vipimo: mninga, futi nne kwa tatu, herufi za rangi ya dhahabu. Utatundikwa kwenye stoo ya vifaa tunayoazimwa na shule. Mimi ndiye mwandika alama, kazi niliyoipata baada ya magoti yangu kukataa kazi nyingine zote, kwa hiyo nikaagizwa nipekue madaftari nilete orodha ya waliofikisha hamsini, waliochukua wiketi tano kwenye mechi moja (yaani waliowatoa wapigaji watano), na manahodha kwa miaka yao. Nikatoa kaunta buku la mwaka ule, nikaitafuta siku ya Hamsini, nikajumlisha. Nikajumlisha tena kwa kikokotoo cha simu. Ni 47.

Ile mitatu haikupotea. Ipo pale pale kwenye ukurasa, chini kidogo, kwa wino wa bluu, kwenye kisanduku cha legi bai: 1, halafu 2. Kwa asiyeujua mchezo, legi bai ni pale mpigaji anapojaribu kuupiga mpira, ukamkwepa, ukamgonga mguuni au popote mwilini, kisha wapigaji wakakimbia. Mikimbio hiyo ni ya timu. Yeye mwenyewe hahesabiwi hata mmoja, inaingia kwenye ziada. Sisi tuliokaa pembeni tulikuwa tunamhesabia kwa vidole kila alipofika upande wa pili, na vidole vilipofika hamsini tukapiga kelele, naye akainua bati juu. (Bati la kriketi. Hapa Mbeya ukisema umenunua bati watu wanakuuliza unaezeka lini. Kuna aliyependekeza tuliite gongo, tukaona atatuletea polisi bure.)

Jina lake abaki nalo, halina ubaya. Ninachotaka kukijadili ni ule ubao. Naamini hata tukiandika 47 mahali pake na kila namba nyingine ikawa sahihi, ubao wenyewe utakuwa umesema uongo kuhusu klabu yetu, na uongo huo utadumu kuliko sisi kwa sababu mninga hauliwi na mchwa.

Tuanze na sifa ya mchezo huu, maana ndiyo iliyonifanya niupende. Mpira wa miguu katika nyanda hizi unaishi midomoni. Mwaka 1986 Tukuyu Stars walipanda daraja na kuchukua ubingwa wa Tanzania Bara msimu ule ule, jambo ambalo hata wakubwa wa Kariakoo wanalitaja kwa heshima. Nenda leo Tukuyu sokoni, mtafute mzee yeyote wa rika hilo, umwamkie vizuri, umuulize. Atakutajia kikosi kizima. Kisha muulize nani alifunga mechi gani, kwa pasi ya nani, dakika ya ngapi, hapo ndipo mzee wa pili ataingilia kati na wa tatu atamkana wa pili. Mbeya City walipomaliza nafasi ya tatu msimu wao wa kwanza Ligi Kuu, 2013/14, Uwanja wa Sokoine ulikuwa haushikiki. Ni juzi tu, na tayari masimulizi yameanza kugongana.

Kriketi haimsubiri mzee. Kila mpira unaorushwa unaandikwa alama, hata ule ambao hakuna kilichotokea. Ule usiozaa kitu unawekewa nukta. Mikimbio miwili, 2. Mpira ukifika mpakani kwa kutambaa, 4. Ukiruka mpaka bila kugusa chini, 6. Ova moja ni mipira sita, na ikiisha bila mrushaji kuruhusu hata mkimbio mmoja, nukta zile sita zinaunganishwa kwa mstari zinatoa herufi M. Sisi tunaiita ova kavu. Mtu asiyekuwepo uwanjani, akijua kusoma ukurasa, anaweza kuirudia mechi nzima mpira kwa mpira, nani alimrushia nani, wapi waliogopa, wapi walijiachia.

Angalia mfano wa 1975. Kombe la Dunia la kwanza la kriketi ya wanaume lilichezwa Uingereza mwaka huo, na miongoni mwa timu nane ilikuwemo Afrika Mashariki, kikosi kilichokusanya wachezaji wa Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia chini ya nahodha Harilal Shah. Walicheza mechi tatu wakafungwa tatu. Hiyo ndiyo historia yao midomoni: walikwenda, wakapigwa, wakarudi. Ukubali usikubali, kwenye ubao wa heshima hawana mstari.

Lakini fungua ukurasa. Mechi ya kwanza New Zealand walipiga 309 kwa kupoteza wiketi tano, Glenn Turner peke yake akiwa na 171 bila kutolewa. Mtu mwingine angekata tamaa wakati wa chakula cha mchana. Afrika Mashariki waliingia wakakaa ova zote 60, wakafikisha 128 kwa wiketi nane, na Frasat Ali akapiga 45. Hawakutolewa wote. Kukaa ova 60 mbele ya timu iliyokwisha kukushinda ni kazi ya aina yake, na inaonekana kwenye nukta tu. Mechi ya pili walipokutana na India, Bishan Bedi aliwarushia ova 12, nane kati ya hizo zikiwa kavu, akaruhusu mikimbio sita na kuchukua wiketi moja. Mipira 72 kwa mikimbio sita! Wengine wanaisoma namba hiyo kama fedheha ya Afrika Mashariki. Mimi naisoma kama masomo ya bure waliyopewa na mmoja wa warushaji bora kabisa wa enzi zake, na wakayahudhuria mpaka kengele ya mwisho, maana walifika ova ya 56 kabla ya kutolewa wote kwa 120.

Sasa, daftari nalo lina ubovu wake, na hapa ndipo nagombana na wenzangu wanaodhani namba ni Msahafu. Namba inaandikwa na mtu, na kabla haijaandikwa kuna mwingine mahali fulani ameshaamua kipi kinahesabika.

Hadi hivi karibuni, mchezaji wa timu ya taifa ya Tanzania aliyepiga mikimbio themanini dhidi ya nchi jirani alikuwa, machoni pa rekodi za kimataifa za mchezo, hajapiga kitu. Mechi za ova 20 baina ya nchi zilikuwa na hadhi rasmi kwa mataifa machache tu. Shirikisho la dunia likabadilisha utaratibu: kwa wanawake kuanzia Julai 2018, kwa wanaume kuanzia Januari 2019, mechi yoyote ya ova 20 kati ya nchi wanachama ikawa rasmi. Tanzania ni mwanachama mshiriki tangu 2001, na timu ya wanaume ilikuja kucheza mechi yake ya kwanza yenye hadhi hiyo mwishoni mwa 2021, mjini Kigali. Kwa hiyo ukiingia kwenye majedwali, historia ya ova 20 ya wanaume wa Tanzania inaanza 2021. Vijana waliorusha mpira Dar es Salaam Oktoba 2008, kwenye mechi za ova 50 ambazo nazo hazikuwa na hadhi ya kimataifa, hawamo. Na siku zile walikuwa wanawarushia nani? Afghanistan, waliokuja kucheza daraja la nne la ligi ya dunia, walioshinda daraja lile wakapanda, na mwaka 2024 wakafika nusu fainali ya Kombe la Dunia la ova 20. Kijana wa Kitanzania aliyemtoa mpigaji wa Afghanistan siku ile alifanya jambo kubwa. Jedwali linaloanza 2021 halimjui.

Na hata kinachohesabika kinaweza kukupotosha. Juni 2019, Kigali, kwenye mashindano ya Kwibuka, wanawake wa Tanzania walipiga 285 kwa kupoteza wiketi moja ndani ya ova 20, Fatuma Kibasu akipita mia bila kutolewa. Ni namba ya kutisha. Ukimwekea mtu kwenye ubao atadhani tulikutana na Australia. Wapinzani walikuwa Mali, timu changa mno, iliyotolewa yote kwa mikimbio 17, na ambayo siku chache kabla Rwanda walikuwa wameitoa kwa mikimbio sita. Hilo halimpunguzii Kibasu, mpigaji ambaye ubora wake umeonekana mbele ya timu ngumu zaidi, na wanawake hao hao walitwaa kombe hilo la Kwibuka 2022. Ila ukitaka kujua ni lini aliifanya kazi kweli kweli, ile mia ya siku ya Mali itakuwa mahali pabaya pa kuanzia. Pengine utaipata kwenye thelathini fulani dhidi ya Uganda au Zimbabwe, thelathini ambayo hakuna fundi rangi atakayeipakia dhahabu.

Haya, turudi kwetu, kwenye kiwanja cha shule chenye mteremko.

Hamsini, kama kipimo cha mafanikio, imetoka kwenye viwanja ambavyo nyasi zake zinakatwa kwa mashine na njia ya kurushia inamwagiliwa na kushindiliwa na mtu anayelipwa mshahara. Sisi njia yetu ni zege jembamba lenye nyufa mbili, tunatandika jamvi juu yake, tunalibana pembeni kwa misumari ya inchi sita. Jamvi likilegea mpira unaruka hadi kidevuni. Likiloa unatelezea miguuni. Pembeni nyasi zinategemea ng'ombe wa jirani na kalenda ya mvua. Kati ya Januari na Machi, kwa sisi tunaoishi chini ya mlima Loleza, nyasi zinafika kwenye ugoko, na mpira uliopigwa vizuri kabisa unazama humo kama jiwe kwenye tope. Kinachopaswa kuwa 4 kinakuwa 1. Nimepitia kurasa za miezi hiyo kwa miaka yote: 4 ni za kutafuta kwa tochi. Agosti, ardhi imekauka, baridi imepungua, na mpira kwenye hewa nyepesi ya mita 1,700 unakwenda wenyewe, kurasa zimejaa 4 kama mahindi yaliyoanikwa.

Kwa hiyo yule kijana wetu aliyepiga mikimbio 22 katika Februari moja, jamvi limeloa, tukashinda tukibakiwa na wiketi mbili, alifanya zaidi ya watu watatu waliopiga hamsini Agosti. Hawa watatu wako kwenye orodha yangu ya ubao. Yeye hayumo. Niliposema hili kwenye kikao, mweka hazina akaniuliza kama nataka tuandike ubao wa ishirini na mbili. Kikao kizima kilicheka, na mimi nilicheka, lakini nilivyokwenda nyumbani nikaona kwa nini tusiandike?

Wastani hautuokoi pia. Dunia nzima ya kriketi inajua 99.94 ya Don Bradman, mpigaji wa Australia: mikimbio 6,996, ametolewa mara 70, ukigawanya unapata hiyo. Mwaka 1948 aliingia uwanja wa The Oval kwa mara ya mwisho, akihitaji mikimbio minne tu wastani wake ufike mia kamili, akatolewa na Eric Hollies bila kupata kitu. Hadithi tamu. Lakini wastani wa Bradman una maana kwa sababu amecheza mechi 52 za kimataifa, nyuma yake kuna rundo. Kwetu mrushaji mmoja anayeingia wa mwisho kupiga, ambaye kwa msimu mzima alitolewa mara moja tu kwa kuwa mechi zilikuwa zinaisha akiwa bado amesimama, ndiye alikuwa na wastani mkubwa kuliko wote. Yeye mwenyewe aliona aibu. Tulimtania mpaka Krismasi.

Halafu yupo mlinda wiketi wetu. Ni dada mmoja muuguzi, anatokea zamu ya usiku Jumapili asubuhi, analala kwa saa mbili tu kwenye kochi, anakuja na glavu zake ndani ya mfuko wa rambo. Mlinda wiketi anachuchumaa nyuma ya vijiti mechi nzima, mpira unaompita mpigaji anaudaka. Akiukosa, wapinzani wanakimbia, na mikimbio hiyo inaandikwa kwenye kisanduku cha bai. Kazi yake ikiwa nzuri, kisanduku hicho kinabaki kitupu. Fikiria hilo: kuna mtu uwanjani ambaye ushahidi wa ubora wake ni sehemu ya karatasi isiyoandikwa chochote. Nilipitia visanduku vya bai kabla yake na baada yake. Kabla, vimejaa vistari kama uzio. Tangu aje, ukurasa baada ya ukurasa, vyeupe. Je, hilo unaliandikaje kwa rangi ya dhahabu?

Na huko ndiko ninakoona kosa la ubao. Unachukua mchezo wa watu kumi na mmoja, unachuja visanduku viwili vya wapigaji na warushaji, unavitundika ukutani, na mtoto wa shule atakayeingia stooni miaka ishirini ijayo kuchukua mipira atajifunza kwamba klabu hii ilikuwa na watu tisa. Wengine walikuwa wanashika majani.

Najua hoja ya upande wa pili, na si ya kupuuzwa. Mwenyekiti, ambaye ni mtu mzima na namheshimu, alisema hivi: watoto wanataka kuona jina. Ukimwonyesha kijana wa darasa la saba kaunta buku ataona hesabu, na hesabu anaikimbia. Ukimwonyesha ubao atasema na langu litakuwepo. Ni kweli. Mwaka 2025 vijana wetu wa chini ya miaka 19 walishinda mchujo wa Afrika kule Lagos, wakaipeleka Tanzania kwa mara ya kwanza kwenye Kombe la Dunia la umri huo, la Januari 2026 kule Zimbabwe na Namibia. Wiki ile watoto sita wapya walikuja uwanjani kwetu na fimbo walizochonga wenyewe. Hakuna hata mmoja aliyeuliza wastani wa mtu. Walitaka majina. Sina jibu la kumshinda mwenyekiti hapo, isipokuwa kusema kwamba jina na ukurasa vinaweza kukaa pamoja, na kwamba ubao bila daftari nyuma yake ni kama bango la harusi ambayo hakuna aliyeihudhuria.

Tena sisi wa mikoa hii tuna sababu yetu ya kuliogopa pengo. Kriketi haikuletwa Mbeya na sisi. Enzi za mkoloni Waingereza walikuwa na klabu zao, na jamii za Kihindi mijini zilikuwa na zao: Waismailia, Mabohora, Wahindu, Wagoa, kila jamii na timu yake, na vijana wengi wa Kiafrika waliujua mchezo kwa kuutazama kutoka nje ya mstari. Mtaa wetu wa Uhindini unabeba jina la watu wale hadi leo. Kisha likaja Azimio la Arusha 1967, na 1971 majengo ya kupangisha yenye thamani kubwa yakataifishwa. Familia nyingi zikaondoka mikoani, nyingine zikaishia Dar es Salaam, nyingine Uingereza na Kanada. Mchezo ukarudi mikononi mwa watu wachache wa Dar mpaka ulipoanza kupelekwa tena kwenye shule za kawaida. Madaftari ya wale wa zamani, kama yapo, yapo kwenye masanduku ya watu mbali huko, pengine Leicester, pengine Toronto, na wajukuu wao hawajui vile vinukta ni vya nini.

Mmoja wa wageni wetu wa Iringa anasoma Chuo cha Mkwawa. Nilimwambia chuo chake kilianza mwishoni mwa miaka ya 1950 kama shule ya watoto wa Kizungu, St Michael's and St George's, akanitazama kama nimetunga. Anaishi pale miaka mitatu. Iringa wenyewe wanajua kutunza, wana makumbusho kwenye Boma la Mjerumani na fuvu la Mkwawa lililorudishwa 1954 lipo Kalenga watu wanakwenda kulitazama. Kinachotunzwa ni cha machifu na vita. Michezo ya Jumapili hakuna anayeiona kuwa historia mpaka iishe.

Sisi tumeanza kupoteza mapema zaidi. Kaunta buku letu la kwanza, la mwaka tulioanza, lilikaa nyumbani kwa nahodha wa wakati ule. Nilipolifuata nilipokelewa vizuri, nikapewa chai na viazi, kisha likaletwa likiwa jembamba. Binti yake alikuwa ameishiwa daftari. Kurasa zilizobaki zina upande mmoja mechi yetu ya pili kabisa, upande wa pili hesabu za sehemu kwa penseli, na mahali pengine penseli imepita juu ya ova zetu, tatu ya nne kujumlisha mbili ya tano, mwalimu ameweka vema kwa peni nyekundu. Amepata saba kati ya kumi. Nilimwambia baba yake hakuna shida, na kweli sikuwa na hasira. Mtoto alihitaji karatasi, na hakuna aliyemwambia ile si karatasi.

Ninachopendekeza kwa klabu yetu, na kwa yeyote anayeendesha timu ya mtaa ya mchezo wowote kuanzia Mufindi hadi Tunduma, ni kidogo na cha bei rahisi. Fedha ya mninga ingetosha kaunta buku za miaka kumi na mtu wa kuzijalidi. Kila mechi ikiisha ukurasa upigwe picha kwa simu, utumwe kwenye grupu, ili nyumba ikivuja Machi tusilie. Mwisho wa msimu nakala moja ipelekwe Maktaba ya Mkoa, hata kama mkutubi atatushangaa. Na kama lazima ubao uwepo, basi kila mwaka uandikwe mechi moja, nzima, majina yote kumi na moja na mwandika alama wao, ichaguliwe na wachezaji wenyewe kwa kubishana. Mwaka wa Februari ile najua ningepigia kura ipi.

Ilibaki kumwambia Hamsini. Nilimwekea kaunta buku mapajani Jumapili iliyopita, chini ya mkaratusi, wenzetu wakikunja jamvi. Nilimwonyesha legi bai, 1 na 2. Akanyamaza kidogo. Halafu akacheka, akasema basi hata mama watoto asijue. Nikadhani yameisha, lakini hakufunga daftari. Alikuwa anapitisha kidole kwenye mstari wake, 4, 1, nukta, nukta, 2, nukta, mpaka akafika mahali nukta zimepangana kama siafu.

"Hapa alikuwa anarusha nani?"

Nikamtafutia safu ya warushaji wa Iringa. Ova nne, kavu moja, mikimbio tisa, wiketi hakuna. Mtu ambaye hata Iringa wangekuwa na ubao asingeukaribia.

"Huyu," Hamsini akasema. "Huyu ndiye aliyenisumbua. Wale wengine wote niliwapiga. Huyu mpira wake ulikuwa unaingia, halafu unatoka. Kaka, sijawahi kumsahau. Anaitwa nani?"

Nikatazama. Siku ile wageni walichelewa, mechi ikaanza kabla hawajanipa orodha, na mimi kwa mkono wangu, kwa wino ule ule wa bluu, nilikuwa nimeandika: Kushoto, kofia nyekundu.

Hamsini akanitazama mimi, akatazama daftari, kisha akatoa simu akaanza kutafuta namba ya nahodha wa Iringa. Nikachomoa peni mfukoni. Simu ikaita muda mrefu.